Jezi Namba 45: Michael Jordan Alipokwenda Kucheza Besiboli

Ukipita kwenye mabanda ya mitumba ya nguo za michezo, jezi nyekundu ya Chicago Bulls yenye jina la Jordan na namba 23 haikosekani. Ila siku ukibahatika utaikuta yenye namba 45 mgongoni, na muuzaji mwenyewe atakupunguzia bei bila kubembelezwa, akiamini kuwa aliyeichapa alikosea. Hakukosea. Michael Jordan aliivaa 45 akiwa na Bulls kwa mechi 22 za mwaka 1995, na kabla ya hapo aliivaa msimu mzima katika mchezo mwingine kabisa: besiboli.

Kisa chenyewe wengi tumekisikia nusunusu. Mchezaji bora wa kikapu duniani aliacha mpira akiwa kileleni, akaenda kujaribu besiboli, akashindwa, akarudi alikotoka. Kila kipande cha sentensi hiyo kina ukweli wake, lakini ukivishona pamoja unapata kisa ambacho hakikutokea hivyo. Neno linalonisumbua zaidi ni hilo "akashindwa", maana limesimama juu ya tarakimu moja, 0.202, ambayo wengi wanaoitaja hawajui inapima nini. Na "akarudi" linaruka mgomo wa wafanyakazi uliokuwa umeisimamisha besiboli ya Marekani nzima.

Tuanze Juni 1993. Bulls waliwafunga Phoenix Suns katika fainali na kuchukua ubingwa wa NBA kwa mara ya tatu mfululizo. Jordan alikuwa na miaka 30, na katika fainali hiyo alifunga wastani wa pointi 41 kwa mechi. Alikuwa amechoka. Majira ya joto yaliyotangulia hakupumzika, alikuwa Barcelona na timu ya Olimpiki ya Marekani. Kila alipokwenda aliandamwa na kamera, na magazeti yalikuwa yameanza kumwandika kwa habari za kamari. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kuwaambia watu wa karibu kwamba hamu inapungua.

Kisha ikaja Julai. Usiku wa tarehe 23, baba yake, James Jordan, alisimamisha gari kando ya barabara kuu karibu na Lumberton, North Carolina, ili ajinyooshe kidogo. Akauawa humo humo kwa risasi, na gari likaibwa. Mwili uliokotwa Agosti 3 kwenye kinamasi ng'ambo ya mpaka, South Carolina, ukakaa siku kumi nyingine bila kutambuliwa ni wa nani. Vijana wawili walihukumiwa kwa mauaji hayo.

Mzee James ndiye ufunguo wa habari yote hii, na ndiye anayesahaulika. Mchezo aliomfundisha mwanawe kwanza, kwenye ua wa nyumba yao huko Wilmington, ulikuwa besiboli. Michael akiwa na miaka 12 alitajwa mchezaji bora wa watoto katika jimbo zima la North Carolina. Kikapu kilikuja baadaye, kikamkuza kuliko ndoto ya baba. Hata hivyo mzee hakuacha kumchokoza kwamba angeweza kuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa, na miezi ya mwisho ya uhai wake walikuwa wakilizungumza jambo hilo kwa uzito.

Oktoba 5, 1993, White Sox ya Chicago ilikuwa ikicheza mechi ya mtoano nyumbani, na Jordan alialikwa kurusha mpira wa heshima wa kufungua mchezo. Akiwa bado humo uwanjani, habari zikavuja: anastaafu kikapu. Kesho yake akathibitisha mbele ya waandishi. Kwa hiyo hata tangazo la kuacha kikapu lilitoka kwenye uwanja wa besiboli. Sijui kama yeye mwenyewe aliliona hilo wakati ule.

Hapa ndipo uvumi unapochipuka, na kwa kuwa hadi leo haujafa, ni vizuri tuumalize kabla hatujaendelea. Jordan alipenda kamari, hilo hakulificha. Mwaka 1992 aliitwa mahakamani, akakiri kwamba hundi ya dola 57,000 aliyompa mtu aliyekuwa akishtakiwa ilikuwa deni la kamari. Mei 1993, katikati ya mfululizo dhidi ya New York Knicks, alionekana kwenye kasino za Atlantic City. NBA ikaanzisha uchunguzi. Alistaafu Oktoba 6, na siku mbili baadaye ligi ikatangaza kwamba uchunguzi umefungwa na hakuvunja kanuni yoyote. Wajuzi wa vijiweni wakajumlisha moja na moja, wakapata kumi: kumbe amefungiwa kimyakimya, na besiboli ni pazia tu. Mwenyewe akaumwagia moto mafuta pale aliposema kwamba huenda siku moja akarudi, kama David Stern atamruhusu. Stern, aliyekuwa kamishna wa ligi, alikanusha hadi alipofariki mwaka 2020. Katika miaka yote hiyo haijatoka karatasi wala shahidi wa kuuthibitisha uvumi huo.

Nami nauliza jambo dogo. NBA ya wakati ule ilikuwa ikiuza mechi zake duniani kote kwa sura ya mtu mmoja. Kumfungia kwa siri, bila hata kupata sifa ya kuonekana kali, kungeisaidia nini? Na mtu aliyefungiwa, mwenye fedha za kukaa viwanja vya gofu mwaka mzima, angejipeleka vipi kuchekwa na nchi nzima huku akilipwa dola 850 kwa mwezi?

Ndiyo, 850. Kabla hatujafika huko, lazima tuseme alivyoingia, maana mlango haukuwa wa kila mtu. Mmiliki wa Bulls, Jerry Reinsdorf, ndiye pia alikuwa mmiliki mkuu wa White Sox. Jordan alipomweleza anachotaka, Reinsdorf hakuhitaji kumpigia mtu simu. Februari 7, 1994 mkataba ukasainiwa, na Reinsdorf akaendelea kumlipa mshahara wake wa kikapu, takriban dola milioni 4 kwa mwaka, ingawa hakuwa akirusha hata mpira mmoja kwenye kikapu. Waliosema aliingia kwa mgongo wa tajiri wake walisema kweli. Kijana mwingine wa miaka 31 ambaye mara ya mwisho alishika gongo akiwa sekondari, mwaka 1981, asingevuka hata geti.

Jarida la Sports Illustrated halikungoja msimu uanze. Katika toleo la Machi 14, 1994 lilimweka kwenye jalada akiwa amepunga gongo bila kuugusa mpira, likamwambia aachane nayo kwa sababu yeye na White Sox wanauaibisha mchezo. Mwandishi alikuwa amemwona mazoezini kwa muda mfupi tu. Jordan hakuwahi tena kukubali kuhojiwa na jarida hilo.

Sasa tufike kwenye mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa, tarakimu hazitakuambia kitu. Wengi wetu besiboli tunaijua kwa sinema. Uganda wako mbele kidogo; vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Wengine tushike mfano wa kriketi. Kwenye kriketi ubao ni bapa, mpira kwa kawaida unadunda kwanza, na unaweza kuuelekeza upande wowote, hata nyuma yako. Kwenye besiboli gongo (hili la mti, si lile la kunywa) ni la duara na sehemu yake nene haizidi sentimita 6.6. Mpira nao ni wa duara. Kitu cha mviringo kinapigana na kitu cha mviringo, na mpira ukienda nje ya pembe ya uwanja iliyo mbele yako, haukuhesabiwi kuwa pigo.

Mrushaji anasimama juu ya kichuguu, mita 18.44 kutoka kwako. Kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa, ambao kwa watu wa kazi hiyo ni wa kawaida, mpira unakufikia kwa takriban sekunde 0.4. Kupepesa jicho na kufumbua, nusu ya safari imekwisha. Katika kipande kilichobaki uwe umeshaamua: huu ni wa kupiga au wa kuuacha, uko juu au chini, umenyooka au utapinda? Ndipo mikono ianze kuzunguka. Ukipunga ukakosa, au ukauacha mpira uliopita kwenye eneo halali, unahesabiwa kosa. Makosa matatu, unakwenda kukaa.

Kwa sababu hiyo mizani ya besiboli ni ya ajabu kwa mtu wa kikapu. Kwenye kikapu ukifunga mitupo 5 kati ya 10 wewe ni mzuri. Kwenye besiboli ukipata mapigo 3 kati ya 10 wewe ni nyota, na watoto watajifunza jina lako. Wa 2.5 kati ya 10 anaishi vizuri. Wa 2 kati ya 10 anaanza kuulizia nauli ya kurudi nyumbani. Marekani wana hata jina la utani la mpaka huo wa chini: mstari wa Mendoza, kwa jina la Mario Mendoza, Mmexico aliyekuwa mdakaji hodari na mpigaji wa kuhurumiwa. Pengo lote kati ya utajiri na aibu ni pigo moja katika kila majaribio kumi.

Jambo la pili ni ngazi. Timu ya White Sox yenyewe inacheza ligi kuu. Chini yake zipo ligi ndogo za madaraja, na kila daraja White Sox wana timu yao ya kulea wachezaji. Hizo timu hazipandi wala kushuka daraja kama tunavyojua kwenye soka. Wanaopanda ni wachezaji, mmoja mmoja, wakiitwa kutoka juu. Kijana anayetoka shule huanza kwenye daraja la mwisho kabisa, akatumia miaka miwili au mitatu kupanda. Jordan alipelekwa moja kwa moja Birmingham Barons, Alabama, timu ya daraja linaloitwa AA, hatua mbili tu kutoka ligi kuu. Moja ya sababu zilizotajwa inachekesha: viwanja vya madaraja ya chini havikuwa na nafasi ya kuwaweka waandishi wa habari wote waliokuwa wakimfuata.

Wanaoijua besiboli watakuambia AA ndilo daraja la kuchuja. Kule chini warushaji wengi wana nguvu tu. Mpira unakuja kasi lakini umenyooka. Kwenye AA wanakutana walioanza kuimiliki mipira inayopinda. Sisi kwenye soka tunaijua banana chuti: mpira unatoka kana kwamba unakwenda nje, halafu unarudi golini. Fikiria banana chuti inayokuja kwako kwa kasi ya gari la barabara kuu, tena inayopinda kwenye mita tatu za mwisho, wakati mikono yako imeshaondoka.

Dawa yake ni kuona mapema, na kuona huku hakufundishwi kwa maneno. Mpigaji mzoefu anasoma kifundo cha mkono cha mrushaji, anaona nyuzi nyekundu za mpira zinavyozunguka, na mwili unaamua kabla yeye hajajua kwamba ameamua. Ni maktaba inayojengwa kwa maelfu ya mipira, kati ya umri wa miaka 15 na 25 hivi. Jordan ndiyo miaka hiyo hasa aliyoitumia kwenye kikapu. Aliacha besiboli akiwa na miaka 18, akairudia na 31, rafu za maktaba zikiwa tupu.

Aprili 7, 1994, kabla ya kushushwa Birmingham, alicheza na White Sox mechi ya kirafiki dhidi ya mahasimu wao wa mjini, Cubs, kwenye uwanja wa Wrigley Field. Akapata mapigo 2 kati ya 5. Kesho yake jioni alikuwa Hoover, kitongoji cha Birmingham, mbele ya watu 10,359 waliojaza uwanja wa timu ya daraja la AA, kwenye mechi dhidi ya Chattanooga. Akatoka 0 kati ya 3.

Halafu ikaja wiki chache ambazo wanaomcheka huziruka. Ndani ya Aprili hiyo hiyo alipata walau pigo moja katika mechi 13 mfululizo. Wastani wake ulipita 0.300, yaani mapigo 3 kati ya kila majaribio 10. Warushaji walikuwa wakimrushia mipira ya kasi iliyonyooka, kila mmoja akitaka kuja kuwahadithia wajukuu kwamba alimshinda Michael Jordan kwa nguvu za mkono wake. Mpira ulionyooka, Jordan aliuweza.

Tatizo, habari husambaa. Timu nyingine zikaona anachokiweza na asichokiweza, mipira iliyonyooka ikakatika, akaanza kulishwa ya kupinda, mmoja baada ya mwingine. Wastani ukaporomoka kiangazi chote. Mwili uliomfanya mfalme wa kikapu nao ukamgeuka. Mtu wa mita 1.98 ana eneo halali kubwa kuliko wenzake, kwa kuwa eneo hilo hupimwa kutoka magotini hadi kifuani kwake mwenyewe. Mikono mirefu nayo huzungusha gongo kwa safari ndefu, na mwenye safari ndefu lazima aondoke mapema, kabla mpira haujajionyesha unakwenda wapi.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kilichowageuza wenzake. Alikuwa akifika uwanjani mapema kuliko wote kupiga mipira na kocha wa upigaji, Mike Barnett, kisha mazoezi ya timu, kisha mechi, na mara nyingine akarudi tena baada ya mechi. Tangu mazoezi ya Florida viganja vyake vilikuwa vimechubuka hadi kutoa damu. Safari za ligi ile ni za basi usiku kucha, kutoka Alabama hadi Tennessee, hadi Florida, na posho ya chakula ilikuwa dola 16 kwa siku. Inasimuliwa kwamba aliinunulia timu basi la kifahari. Basi zuri lilikuwepo kweli, lakini lilikuwa la kukodi.

Kocha wake, Terry Francona, wakati ule hakuwa na jina kubwa. Baadaye angekuja kuipa Boston Red Sox ubingwa mwaka 2004, baada ya miaka 86 ya ukame, na kuurudia 2007. Namtaja kwa sababu ushahidi wake una uzito, na nitaurudia.

Julai 30, nyumbani Hoover, dhidi ya Carolina Mudcats, Jordan aliupiga mpira ukavuka uzio. Ulikuwa wa kwanza, baada ya karibu miezi minne ya msimu. Kwa mtu wa nguvu zake ni kuchelewa sana. Alizunguka besi zote nne, yaani vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia ili timu ihesabiwe pointi, kwa mwendo wa taratibu, na alipokanyaga ya mwisho akanyoosha kidole juu. Kesho yake, Julai 31, baba yake angetimiza miaka 58.

Msimu ulipoisha mwanzoni mwa Septemba, hesabu zilisomeka hivi: mechi 127, majaribio 436, mapigo 88. Gawanya, unapata 0.202. Angepungukiwa mapigo mawili tu, angekuwa upande wa pili wa mstari wa Mendoza. Mara 114 alikosa mara tatu akaenda kukaa. Huko nyuma uwanjani, upande wa kulia alikokuwa akidaka, alifanya makosa 11. Hakuna namna ya kuziremba hizo. Kwa mchezaji wa kila siku ni namba mbaya.

Ila kwenye karatasi hiyo hiyo kuna safu nyingine. Aliiba besi 30, yaani alikimbia kutoka besi moja hadi nyingine bila kungoja mwenzake apige mpira. (Alikamatwa mara 18, dalili kwamba miguu ilikuwepo ila ujanja wa kumsoma mrushaji bado.) Alisababisha mkimbiaji kufika besi ya mwisho na timu kuhesabiwa pointi mara 51, kiasi kikubwa kwa mtu aliyevusha uzio mara tatu tu. Na mara 51 alipewa besi ya bure kwa sababu aliiacha mipira minne isiyo halali bila kuigusa. Mimi hiyo ya mwisho ndiyo inayonivutia, kwa sababu kuuacha mpira mbaya ndiko kuona kwenyewe. Macho yalikuwa yanaanza kujengeka.

Ndiyo maana tarakimu muhimu kuliko 0.202 haitajwi mara nyingi. Baada ya msimu, White Sox walimpeleka Arizona, kwenye ligi ya vuli ambako kila timu ya ligi kuu hupeleka vijana wake wanaotegemewa. Kiwango cha mchezo kule kinapita kile cha AA. Akiwa na Scottsdale Scorpions, chini ya Francona yule yule, Jordan alipiga 0.252. Dhidi ya wapinzani wagumu zaidi, alikuwa amepanda kwa takriban pigo moja katika kila majaribio ishirini, ndani ya miezi michache. Francona amerudia kusema miaka mingi baadaye kwamba angepewa majaribio mengine 1,000, yaani misimu miwili hivi, angefika ligi kuu. Hakusema angekuwa nyota. Kufika tu.

Wapo waliowahi kucheza yote mawili. Gene Conley alichukua ubingwa wa besiboli na Milwaukee mwaka 1957, kisha ubingwa wa kikapu mara tatu na Boston Celtics, na hajatokea mwingine. Danny Ainge alicheza ligi kuu ya besiboli na Toronto kabla ya kuwa bingwa na Celtics, na huko Toronto alipiga 0.220. Dave DeBusschere alikuwa mrushaji wa hao hao White Sox miaka ya 1962 na 1963. Lakini hao walitoka chuoni wakiwa na michezo yote miwili mkononi. Hakuna aliyekaa miaka 13 bila kugusa gongo, akaanzia AA. Ukimlinganisha Jordan na Ainge, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu asiyewahi kuacha, tofauti ya 0.202 na 0.220 haitoshi kumchekea mtu, japo ni kweli kwamba Ainge alikuwa madaraja mawili juu yake.

Basi kwa nini aliacha?

Agosti 12, 1994, Barons wakiwa bado wanacheza, wachezaji wa ligi kuu waligoma. Wamiliki wa timu walitaka kuweka kikomo cha jumla ya mishahara. Chama cha wachezaji kikakataa. Hakuna aliyelegeza. Septemba fainali za mwaka zikafutwa, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1904. Wachezaji wa ligi ndogo hawakuwa wanachama wa chama hicho, ndiyo maana Jordan aliendelea kucheza na kwenda Arizona. Mgomo ukavuka mwaka mpya.

Ilipofika mazoezi ya Februari 1995, wamiliki walikuja na mpango wao: msimu utaanza kwa wachezaji wa kuziba nafasi za waliogoma. Wakaokotwa waliostaafu na waliokatwa, na vijana wa ligi ndogo wakashinikizwa kuvaa jezi za ligi kuu. Kwa kijana wa ligi ndogo huo ulikuwa mtego. Ukikubali, siku mgomo utakapoisha utaingia kwenye chumba cha watu watakaokuita msaliti maisha yako yote. Ukikataa, mwajiri ameliweka jina lako kwenye orodha ya wabaya. Jordan alishasema hatavuka mstari wa mgomo, na White Sox walijua. Lakini mechi za maandalizi zilipokaribia, wasiotaka kuzicheza walianza kutengwa na kikosi kikubwa, na jina lake lingeuza tiketi kuliko jina lolote. Mapema Machi akafungasha akaondoka kambini. Machi 10 akatangaza kwamba ameacha besiboli.

Hapo naona kejeli kubwa kuliko zote za kisa hiki. Tajiri mkubwa kabisa katika michezo ya Marekani, aliyeingia kwa upendeleo wa mmiliki, alitoka kwa kukataa kuwavunjia mgomo wafanyakazi ambao chama chao hata hakikuwa chake. Waliomwita mwingilia kazi ya watu mwezi Machi 1994 wangeweza kumwombea radhi Machi 1995, ila wakati huo kila mtu alikuwa ameshageukia habari nyingine.

Machi 18 ofisi ya wakala wake ilituma kwa faksi taarifa yenye maneno mawili ya Kiingereza, kwa Kiswahili neno moja linatosha: "Nimerudi." Kesho yake akacheza na Bulls huko Indianapolis, akafunga pointi 19, wakapoteza. Machi 28 akawafunga Knicks pointi 55 ndani ya Madison Square Garden. Siku tatu baadaye, Machi 31, jaji wa New York aitwaye Sonia Sotomayor, ambaye sasa yuko Mahakama ya Juu ya Marekani, alitoa amri dhidi ya wamiliki, na Aprili 2 mgomo ukaisha. Wachezaji wa kuziba nafasi hawakucheza hata mechi moja ya msimu. Angevumilia wiki tatu, angekuwa anapanda basi kuelekea daraja linalofuata.

Mashabiki wa Houston Rockets hawapendi tukitaja, lakini makombe yao mawili, 1994 na 1995, yakiongozwa na Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, yameangukia humo humo kwenye pengo. La kwanza Jordan hakuwepo kabisa. La pili alikuwepo nusu. Binafsi naona Hakeem wa miaka ile angemsumbua mtu yeyote, na Bulls hawakuwa na wa kumkaba. Mjadala huo mwachieni kijiwe.

Jordan aliyerudi hakuwa mwenyewe bado. Mwaka mzima alikuwa akijenga misuli ya kuzungusha gongo, na miguu na pumzi za kikapu zilimkosa. Katika mechi 17 za msimu alifunga wastani wa pointi 26.9, lakini mitupo iliyoingia ilikuwa 41 kati ya 100, chini ya alivyozoea. Namba 23 nayo haikuwepo. Bulls walikuwa wameistaafisha kwa sherehe Novemba 1, 1994, siku walipozindua sanamu yake nje ya uwanja mpya. Akarudi na ile ya besiboli, 45, iliyokuwa namba ya kaka yake Larry walipokuwa shule; 23 yenyewe aliichagua utotoni kwa sababu ni karibu nusu ya 45. Baadaye alieleza kwamba hakutaka kuivaa 23 tena, kwa kuwa baba yake alikuwepo mara ya mwisho alipoivaa, na sasa hayupo.

Mei 7, 1995, kwenye mechi ya kwanza ya raundi ya pili dhidi ya Orlando Magic, Bulls wakiongoza na sekunde chache zimebaki, Nick Anderson alimjia kwa nyuma akaupokonya mpira, na Magic wakashinda. Baada ya mechi Anderson akawaambia waandishi kwamba huyu 45 hana mlipuko wa yule 23. Mechi ya pili Jordan aliingia uwanjani amevaa 23, bila kumuarifu mtu. Alifunga 38, Bulls wakashinda, na NBA ikawatoza faini kwa kubadili namba bila ruhusa. Mfululizo wenyewe waliupoteza, mechi 4 kwa 2. Ile 45 hakuivaa tena.